Shikamoo Kwanza, Kisha Maswali ya Aibu

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Kelele za wauza matunda wa soko la Lewisham zinapanda hadi ghorofani, ambako Elinaja Mmari ameshanawa mikono. Kwa mikono hiyo hutibu migongo, shingo na magoti. Ndiyo osteopathia, na leseni yake inaning'inia ukutani. Mgonjwa wa kwanza amelala kitandani, lakini bado hajamgusa.

"Nakueleza kwanza nitakachofanya," anamwambia. "Ukikataa, naacha."

Wagonjwa Waingereza wameshazoea. Shughuli iko kwa Watanzania wenzake.

"Mtu mzima akishasema 'fanya tu mwanangu, wewe ndiye daktari', anaona amemaliza," anasema Elinaja, mzaliwa wa Machame. "Kanuni za kazi yetu haziridhiki na hapo. Lazima aelewe, akubali mwenyewe. Na mimi niulize yote, hata yanayonitia aibu."

Kanuni zikihuishwa, huzisoma na tabibu mwenzake Anjali, wa mtaa wa Kingsbury, kisha huhojiana kuhusu kazi zao bila kuoneana haya.

Aibu yenyewe ilimfika Februari. Bi Placida, rafiki wa marehemu mama yake, alipanda ngazi akijishika kiuno. Elinaja akampa shikamoo. Habari za mgongo? Nzuri. Miguu? Nzuri. Kwetu habari ni nzuri hata nyumba ikiungua.

Ndipo akauliza: mkojo unatoka sawasawa? Huko chini kuna ganzi?

"Nilikasirika!" anakumbuka Placida. "Nimembeba mgongoni huyu, leo ananiuliza ya chooni? Nikamwambia, hii ni kliniki au polisi? Nikachukua mkoba wangu."

Elinaja alijua kwamba akimwacha aondoke hivyo, kanisa lao zima litasikia amekosa adabu, na wagonjwa wake wengi hutoka huko. Hakulegea. "Nisamehe mama, lakini siugusi mgongo wako mpaka unijibu."

Placida alifika mlangoni. Akasema, kisogo kimemgeukia Elinaja, kwamba tangu jana yake hakuwa akihisi chochote anapojifuta.

Elinaja aliita gari la wagonjwa. Mishipa ya fahamu chini ya uti wa mgongo ilikuwa imebanwa, na Placida akapasuliwa siku ileile. Angekandwa kwa heshima na kurudishwa nyumbani, huenda leo asingetembea.

"Mficha uchi hazai," anasema Placida. "Mimi nilikuwa nauficha kwa mtoto niliyemwogesha!"

Jumapili ijayo, baada ya ibada, Elinaja amepanga kuwafundisha waumini maswali hayo, kwa Kiswahili, bila kupepesa macho. Mzee mmoja wa kanisa ameshanung'unika kwamba hayo si ya kanisani.

"Wakininyima ukumbi, nitasemea kwenye foleni ya chai," anasema Elinaja.

Placida amejitolea kuwa msemaji wa kwanza. Leo amekuja kuangaliwa, akitembelea mkongojo. Elinaja ananawa tena mikono.

"Shikamoo mama. Habari za mgongo?"

"Marahaba. Nzu..." Placida anajikatiza. "Unawaka upande wa kushoto, mwanangu. Na chooni niko sawa, kabla hujauliza."