Kufuli kwa Nje

Nyumba yangu ya Garsen ina mlango mmoja wa bati, na kando yake dirisha la nondo. Ukiwa ndani unaweza kupitisha mkono kwenye nondo, ukalifikia kufuli lililo nje, ukalifunga. Niligundua hilo nilipoanza kuugua, nikajiona mjanja kweli kweli. Anayepita anaona kufuli, anajua mwenyewe hayupo, anakwenda zake. Mimi niko kitandani, namsikia akiondoka.

Siku hizo sikuuita ugonjwa. Niliuita uvivu, kama walivyouita wengine. Mimi ni fundi cherehani. Nguo za watu zilikuwa zimekatwa na kulala mezani, na kila aliyekuja kuulizia gauni lake nilimchukia bure. Kusema kweli sikumchukia yeye, nilichukia kuonekana. Nilichukia kuulizwa habari na kulazimika kusema nzuri. Kanisani walisema niombewe. Dada yangu alinipigia kutoka Wenje akasema najidekeza, wenzangu wana shida kubwa kuliko zangu. Nikamwambia ni kweli, nikaizima simu, sikuiwasha tena. Majirani nikawaambia nakwenda Hola kukaa kidogo. Kisha nikaingia ndani, nikatoa mkono dirishani, nikajifungia.

Nieleweke hapa. Sikutaka kufa, au tuseme sikutaka hasa. Nilitaka nisiwepo, na watu wazoee nisipokuwepo, iwe basi. Nilijiambia aliye kando haangukiwi na mti. Upuuzi mtupu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimejifungia nacho.

Giza likiingia nilifungua, nikachota maji, nikanunua mkate duka la mbali wasikonijua, nikarudi kujifungia. Mchana nililala tu, mabati yakiwaka moto juu yangu. Ufunguo ulikuwa chini ya godoro. Watu huniuliza mbona sikutoka mchana, na ufunguo ninao, na mlango ule pale. Mkono haukuinuka. Sina jibu jingine, na anayetaka jibu zuri zaidi akaugue mwenyewe.

Aliyenitesa kuliko wote ni mama wa maziwa. Ni Muorma, mkubwa kwangu kidogo, hupita kila asubuhi na dumu lake. Wengine waliona kufuli wakapita. Yeye alisimama. "Hodi, mama. Maziwa." Alingoja kidogo, akasema, "Haya, kesho," ndipo akaenda. Nilimlaani mwanamke yule. Kwani hana macho? Nilijifunika shuka kichwani mpaka nyayo zake zikaisha.

Kisha mto ukafurika. Kwetu haikunyesha hata tone; ilinyesha huko juu, na maji yakatufikia jua likiwaka, ndivyo Tana ulivyo. Nilisikia watu wakiita watoto, mbuzi wakilia, vyombo vikigongana. Maji yaliingia chini ya mlango polepole, yana rangi ya chai. Yakalowesha magauni ya watu yaliyokuwa yameanguka sakafuni. Nikapandisha miguu kitandani, nikayatazama yakipanda.

Wanaume waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba na mtumbwi wakafika kwangu. Mmoja akauliza, "Na hapa je?"

Jirani yangu akajibu, "Hapo hakuna mtu. Yuko Hola."

"Twende basi."

Hapo nilikuwa nimekipata nilichokitaka. Nimepotea, na mashahidi wapo. Nikaingoja ile raha niliyojiahidi. Haikuja. Kilichokuja ni woga, woga wa kawaida wa mtu anayeachwa, na hasira kwa jirani aliyeuamini uongo wangu mwenyewe. Nilifukua ufunguo chini ya godoro, nikaubana mkononi, nikafika dirishani maji yakinipiga magotini. Nikasimama pembeni ya dirisha, mgongo ukutani, nisionekane. Kupaza sauti sikuweza. Kunyoosha mkono sikuweza. Nikasikia mtumbwi ukisukumwa.

"Ngojeni." Ni mama wa maziwa, alikuwa ndani ya mtumbwi na mizigo yake. "Kufuli hii inageuka. Kila siku inalala upande ingine. Mtu iko Hola, nani anageuza?"

Mmoja wao akamwambia asiwapotezee wakati, kuna wazee wanangoja. Mtumbwi ukagusa ukuta wangu, nikamsikia mama yule akishika nondo.

"Hodi, mama," akasema. "Leo maziwa hakuna."

Akangoja, kama alivyozoea kungoja. Safari hii sikuwa na shuka la kujifunika. Nilijua kwamba akisema "haya, kesho" ataondoka, na kesho hiyo sitaiona. Nilipaswa kuitika karibu, maana nyumba ni yangu. Neno lililotoka, dogo na la kukwaruza, halikuwa hilo.

"Hodi," nikasema.

Mama wa maziwa hakucheka wala hakushangaa.

"Karibu," akasema. "Karibu, mama."

Nikaupitisha mkono kwenye nondo, ufunguo ukiwa ndani ya ngumi ambayo sikuweza kuifungua. Alichukua mkono kwanza. Ufunguo aliuchukua baadaye.