Justa wa Wodi ya Wazazi

Justa alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika kituo cha afya cha mtu binafsi huko Ilemela. Kazi yake ilikuwa kupiga deki na kubadili mashuka, lakini enzi za Sista Tereza alifanya zaidi ya hapo. Alifika kabla ya zamu, akawachemshia akina mama maji ya kuoga, akawakanda mgongo waliozidiwa na uchungu. Hakuna aliyemtuma. Sista Tereza, muuguzi aliyesimamia wodi, alishika deki mwenyewe damu ilipomwagika, na alipokosea aliomba radhi mbele ya wote. Chini ya mtu wa namna hiyo Justa aliona aibu kutegea.

Kisha mtoto mmoja akafia tumboni. Daktari wa zamu alikuwa ametoka kwa shughuli zake na simu hakupokea. Mwenye kituo akawaita wafanyakazi, akawaagiza waseme mama alichelewa kufika. Sista Tereza alikataa. Alikwenda kukaa na yule mama, akamweleza ukweli wote. Wiki haikuisha, akaachishwa kazi.

Justa alimsindikiza hadi getini, amembebea begi.

"Sista, sasa sisi tutafanyaje?"

"Wahudumieni wale akina mama, Justa. Wao hawana kosa."

Justa alijaribu. Lakini msimamizi mpya, Nestory, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukubali ule uongo, na kila mtu alijua ndio uliompa cheo. Alipowahimiza wafanye kazi kwa moyo, walitazama sakafu. Wauguzi wakaanza kuchelewa. Justa naye akawa anafika saa ya zamu, halafu baada yake. Suala la maji ya kuoga likaachiwa ndugu wa wagonjwa.

Mwezi uliopita binti mmoja kutoka Usagara, mimba yake ya kwanza, alimshika mkono.

"Mama, usiniache."

Justa akamwambia amsubiri nesi, akauchomoa mkono taratibu, akaenda kukunja mashuka. Alimsikia akilia, wala hakurudi. Kilichomtisha ni kwamba moyo wake haukushtuka hata kidogo.

Jioni ile nyumbani, bintiye Selina alimpa habari kwamba amechaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi. Akasimama mlangoni akisubiri pongezi. Justa aliendelea kupara samaki, kichwa chini, mpaka binti akageuka na kutoka nje.