Siku Nilipofyeka Majani ya Baba

Nianze na kosa lenyewe, maana nikilizungukazunguka nitaishia kujitetea. Mwaka ule baba alipopooza, nilikodi trekta lenye mashine ya kufyekea, nikakata majani yote yaliyozunguka nyumba yake kule Haneti. Majani hayo ndiyo yalikuwa chakula cha kiangazi cha ng'ombe wake wanne. Sikujua. Ningeweza kujua kwa dakika moja tu kama ningeuliza, lakini mimi ni mwalimu, na walimu tumezoea kuuliza maswali ambayo majibu yake tunayo tayari.

Kiharusi kilimshika mwezi wa tatu, mtama ukiwa bado shambani. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Alibakiwa na "ndiyo". Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Ukimwamkia, ndiyo. Daktari alitueleza kwamba akili yake ni nzima na anaelewa kila kitu, ila kila neno analolitafuta halipatikani, linatoka hilo hilo moja. Shangazi yangu, dada yake baba, alihamia pale kumtunza, akajifunza kumsoma machoni. Mimi nilikuwa Mkonze na vipindi vyangu, nikija mara moja kwa mwezi na mchele, sabuni na maagizo mengi.

Zamani zizi la baba lilikuwa limejaa. Kila darasa nililopanda, zizi lilipungua. Nilipotoka chuoni na cheti changu walibaki wanne: jike mzee mwenye pembe moja, binti zake wawili, na dume mwekundu mkorofi. Jioni waliporudi, baba alikuwa akisimama mlangoni mwa zizi na kumgusa kila mmoja mgongoni akipita. Alipougua, shangazi alimtolea kiti akamweka pale pale, naye akawa anawagusa kwa mkono wa kushoto. Vidonge alivitema. Hicho kiti cha jioni hakukikataa hata siku moja.

Mwisho wa mwezi wa tano, mvua ikiwa imekatika, nilikuja nikakuta majani yamenifika kifuani. Yalikuwa yameizingira nyumba pande tatu, yameanza kugeuka manjano, na njia ya kwenda chooni imebaki uchochoro. Nilipandwa na hasira. Nikawaona nyoka kabla sijamwona hata mmoja. Nikawasikia na majirani wakisema nyumba ya mzee mwenye binti msomi imemezwa na pori, ingawa hakuna aliyekuwa amesema. Jumapili ile wazee wa kanisa walikuwa waje kumwombea baba nyumbani, nami sikutaka wapite msituni.

Shangazi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda msibani kijiji cha pili. Aliniachia uji wa baba, akaniagiza nimgeuze kiti jua likimfika usoni. Habari ya majani hakuigusa. Angeigusaje? Mtu akikuachia nyumba hakukumbushi kwamba usichome ghala.

Mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Arudi akute pamependeza.

Dereva wa trekta alikuwa mtu wa Kondoa, mtu mzima, mpole, kofia yake ya kufuma imefifia kwa jua. Alifika kwenye upenyo wa ua, akazima injini. Pale palikuwa na matawi makavu ya miiba yamelazwa, moja juu ya jingine.

"Dada, hii miiba kaiweka nani?"

"Sijui. Watoto labda."

"Watoto hawawezi kukata mgunga wa namna hii." Aliinama akalitazama tawi. "Mimi naona kama pamefungwa. Haya majani hayana mwenyewe?"

"Mwenyewe ni baba. Hapa ni kwetu. Wewe fyeka tu."

Hakuridhika. Alikwenda mpaka kwenye kiti cha baba, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Tufyeke?"

"Ndiyo," baba akasema.

Nami niliyejua vizuri kwamba ndiyo ile haikuwa na maana yoyote, nilinyamaza. Ilinifaa. Dereva alirudi ameridhika, akaisogeza miiba kando kwa mguu, akawasha trekta.

Sijapata kuona kazi inayofurahisha macho kama ile, Mungu anisamehe. Mashine ilikuwa imefungwa nyuma ya trekta, bapa, inakaribia kugusa ardhi, na chini yake visu vinazunguka. Mbele ya trekta majani yalikuwa yamesimama marefu na mazito. Nyuma yake kulibaki uwanja. Kware walitimka. Panzi waliruka wakanigonga usoni. Mashine ile haikati majani ukayafunga mafungu. Inayasaga, inayatawanya, na makapi yake yalikuwa yakiruka na kutua mpaka kwenye bati.

Nikamwona baba ameinua mkono wa kushoto. Alikuwa anauelekeza upande wa mashariki, ambako majani yalikuwa mazito zaidi, akiutikisa kwa nguvu. Nikafurahi. Nikajua mzee naye amechangamka, anataka hata na kule kusibaki kitu. Nikampungia dereva, nikamwonyesha: na kule! Trekta likaenda kule.

Liligonga kichuguu, dereva akalizima ashuke aangalie visu. Kimya kilipoingia ndipo nilipomsikia baba. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo." Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nilidhani ni vumbi. Nilimfuta kwa pindo la khanga yangu, nikamgeuza kiti akawa ameipa nyumba uso na majani mgongo, kama nilivyoagizwa, kwa sababu ya jua. Mpaka leo nikikumbuka nilivyokigeuza kile kiti, nasimama popote nilipo.

Visu vilikuwa vizima. Kazi iliendelea.

Shangazi alirudi alasiri. Alisimama kwenye upenyo ambapo miiba ilikuwa imesukumwa kando, kitenge chake cha msibani bado kiunoni, akaweka mkono kichwani.

"Yayagwe!" Huko ndiko kumlilia mama kwa Kigogo, na shangazi ana miaka zaidi ya sabini. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimesafisha, shangazi."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kushikia. Alikaa chini pale pale kwenye makapi, akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Miiba ile baba aliilaza mwenyewe mwanzo wa mvua, kabla hajaugua, ili mnyama yeyote asiingie mpaka mwezi wa tisa. Majani yanaachwa yakauke yakiwa yamesimama, na ng'ombe wanafunguliwa humo wakati kote kumebaki vumbi. Miaka mingine hayakutegemewa sana kwa sababu baba aliweza kuwapeleka ng'ombe mbali. Mwaka huu nani angewapeleka? Magoti ya shangazi mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Miezi miwili alikuwa amefukuza mbuzi wa watu kwa fimbo, ameyalinda majani yale mpaka ameitwa mchoyo.

"Kaka yangu anayatazama kutwa," akasema. "Nilikuwa namwekea kiti ayatazame."

Wanafunzi wangu nawaambia kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Dereva aliuliza. Baba alijibu kwa mkono pekee aliokuwa nao. Mjinga alikuwa mmoja tu pale.

Nilijaribu kuyazoa. Siku mbili nilikusanya makapi kwa reki na kwa mikono, nikipata kiganja cha majani na viganja viwili vya udongo. Wazee wa kanisa walipokuja Jumapili walisifu usafi, mmoja akasema kweli kuzaa msomi ni baraka, nami nikaenda kusimama jikoni. Malundo niliyoyakusanya, nusu yalibebwa na upepo wa mwezi wa saba. Nusu iliyobaki, nilipoifunua, mchwa walikuwa wameshaimaliza kutokea chini.

Kila mwisho wa wiki nilipanda basi na mifuko ya pumba na mashudu. Ng'ombe waliyala, wakasimama tena kuningoja, lakini tumbo la ng'ombe linataka majani, na majani hayakuwepo popote. Mwezi wa tisa jike mzee mwenye pembe moja alilala asiamke. Binti zake wawili walikonda hata mifupa ya nyonga ikajitokeza. Shangazi aliamua waende mnadani wakiwa bado wanaweza kutembea. Dume mwekundu, yule mkorofi, alibaki peke yake. Kila asubuhi majirani walikuja kumnyanyua, wawili mbavuni na mmoja mkiani, mimi nikisukuma kichwa kama nikiwepo. Akisimama, anasimama siku nzima. Jioni alijikokota mpaka mlangoni mwa zizi, na baba akamgusa mgongoni.

Asubuhi moja mwezi wa kumi walimnyanyua mara tatu akaanguka mara tatu. Nilikuwepo. Walimchinja kabla pumzi haijakatika, wakagawana nyama, ilikuwa kidogo. Hakuna mtu aliyenitazama vibaya.

Jioni ile shangazi alimtoa baba na kiti chake, akamweka mahali pake mlangoni mwa zizi. Nilidhani amesahau. Hakuwa amesahau, baba mwenyewe alikuwa amenyoosha mkono kule. Alikaa pale, mkono wa kushoto umeinuka kidogo kwa kimo cha mgongo wa ng'ombe, mpaka ukachoka akauweka pajani.

Nilipiga magoti mbele yake kwenye samadi kavu.

"Baba, umenisamehe?"

"Ndiyo," akasema.

Nilishusha pumzi, nikataka kumshukuru. Halafu nikamuuliza swali la pili, ambalo kila siku najuta kuliuliza.

"Bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo," akasema baba, kwa sauti ile ile.