Karanga za Saa Tano

Mwanangu ana miezi saba na halali mchana. Nisikudanganye, analala, ila nusu saa tu, na nusu saa hiyo yote mimi nimesimama mlangoni nawatisha watu kwa macho. Nyumbani kwetu Tabora mjini nimeweka pazia zito, nimezima redio, nimemkataza dada anayenisaidia kazi kuburuta viti, na muuza aiskrimu nimemwomba asipige kengele akipita kwetu. Bado, saa sita bati likianza kulia kwa joto, mtoto macho. Tangu nijifungue sijala ugali wa moto. Jumamosi iliyopita uvumilivu ukaniishia, nikambeba mgongoni hadi Kwihara kwa mama, nikijiambia angalau kule kuna kimya.

Mama alinisikiliza nikilalamika mpaka nikamaliza, kisha akacheka. Akauliza kama kweli nimesahau, akanituma stoo. Nyuma ya magunia nilikikuta kinu kidogo cha marehemu bibi, kimelala ubavu, kuku ametagia ndani. Nikajiona mjinga, na ukinisikiliza utaniona hivyo hivyo.

Mwaka alionikumbusha mama nilikuwa nimemaliza darasa la pili. Mdogo wangu alikuwa na umri kama wa mwanangu sasa, mzito, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Mvua ilinyesha vizuri, na magugu nayo yakaota vizuri. Mama alikuwa na shamba la mahindi na karanga nyuma ya nyumba, na palizi haingoji mtu. Alikuwa akirudi saa tano, anamnyonyesha mtoto, anamlaza, anakimbilia jembe. Nusu saa haijaisha, mtoto anapiga kelele. Bibi tuliishi naye, lakini nyonga yake ilikuwa mbovu. Akikaa chini, kuinuka ilikuwa kazi ya watu wawili, seuze kubeba mtoto mgongoni. Kwa hiyo mama alirudi, na mistari ya karanga ikabaki inamezwa na majani.

Jioni moja baba, akiwa anakula, alisema shule zikifunguliwa mimi nibaki kwanza nyumbani kulea mpaka palizi iishe. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja zamu ya kuchota maji. Lakini jirani yetu mmoja alikuwa na binti aliyebaki kwanza nyumbani, na ile kwanza haikuisha. Tayari nilikuwa nimeshashonewa sare, sketi ya buluu yenye upindo mkubwa ili niivae miaka mitatu. Nilikwenda kuilalia. Bibi ndiye aliyemwomba baba wiki moja, ile iliyobaki kabla ya shule kufunguliwa. Alisema mtoto akiweza kulala kuanzia saa tano mpaka mama atakapotoka shamba saa nane, yeye na nyonga yake watatosha.

Basi nikaamua mimi ndiye nitakayemlaza. Nyumba yetu ilikuwa ya tembe, kuta nene za udongo, chumba cha ndani kina giza na ubaridi hata jua likiwaka. Nikamlaza humo kwenye mkeka. Nikafukuza kuku. Nikaondoa sufuria zote jikoni nisije nikaangusha. Bibi akikohoa namtazama vibaya. Siku ya kwanza nusu saa. Ya pili nusu saa. Ya tatu nikagundua adui yangu: jirani wa upande wa pili wa ua, mama mtu mzima rika la bibi, aliyetwanga mahindi kila siku muda ule ule. Tu, tu, tu, bila kupumzika. Nikatoka mbio, nikasimama mbele yake na kidole mdomoni, nikamwambia anyamaze, mtoto amelala.

Sikupiga goti. Sikusema shikamoo. Kwetu mtoto wa kike kumkuta mkubwa wake na kumpita bila salamu ni jambo la kusimuliwa mpaka Itetemia, na mimi nilikuwa nimemwamrisha. Yule mama aliweka mchi chini. Nikarudi nyumbani nimeridhika, na kabla sijafika mlangoni nikasikia mdogo wangu analia.

Mchana ule jirani alikuja kushtaki. Bibi alinipigisha goti hapo hapo, nikaomba radhi kwa makofi ya heshima na machozi, jirani akaitika marahaba kwa sauti ya mbali. Niliona shule ndiyo imekwenda. Lakini jirani alipoondoka bibi hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja.

"Alipoamka, kinu kilikuwa kinalia au kimenyamaza?"

Nikafikiri. Nikasema kimenyamaza.

"Sasa wewe unamwogopesha. Huyo kakaa tumboni mwa mama yako anasikia kinu kila siku. Kimya hakijui."

Kesho yake bibi aliagiza mkeka uhamishwe, mtoto alale chumba cha mbele, karibu na kizingiti. Yeye akaketi barazani, miguu ameinyoosha, kinu chake kidogo cha karanga kati ya magoti. Nilikuwa nimezikaanga mwenyewe, harufu imejaa nyumba nzima. Mama akamnyonyesha mtoto mpaka akashiba, akamlaza chali, akaenda zake. Bibi akaanza kutwanga, polepole, mapigo yale yale.

Nusu saa ilipofika, mtoto akajinyonganyonga, akakunja uso, akatoa ule mlio wa kuanzia. Mimi tayari nimeinuka kumbeba. Bibi akanidaka sketi kwa mkono mmoja, mwingine unaendelea na mchi.

"Mwache. Anageuka tu, hajaamka."

Kumbe siku zote nilikuwa namwamsha mimi mwenyewe kwa haraka zangu. Mdogo wangu alinung'unika, akatafuta kidole chake, akakinyonya, akashusha pumzi ndefu kama mzee aliyefika nyumbani. Akalala. Kivuli cha paa kikatoka ukutani, kikavuka kizingiti, kikaingia uani. Saa nane mama alikuja anakimbia, jembe mkononi, maana hakuna aliyemwita na moyo wake ulikuwa umeshawaza mabaya. Aliingia akamwekea mtoto kiganja puani. Kisha akakaa kizingitini na matope yake miguuni, akaomba chakula, akala kikiwa cha moto. Nilimtazama akila, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kukueleza.

Tatizo likawa karanga. Zilitwangwa kila siku, kwa hiyo zililiwa kila siku: kisamvu cha karanga, mlenda wa karanga, michembe ya viazi vitamu kwa karanga, mpaka uji. Siku ya tatu ya karanga baba aliangalia bakuli lake akauliza kama nyumba hii haina chumvi tu. Jirani, aliyekuwa bado ananuna, alianza kuleta za kwake bibi amtwangie, na ndivyo tulivyopatana. Jumapili jioni, baada ya kutoka kanisani, baba alinikuta nakunja sare. Akasema kesho niwahi, nisichelewe mstari. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, kwa nafuu.

Basi Jumamosi hiyo nilikiosha kinu, nikaketi baraza ile ile, ingawa nyumba sasa ni ya matofali. Nikamlaza mwanangu karibu na mlango, nikaanza. Mikono yangu ni ya kalamu, ofisini Isikizya hakuna mchi, na malengelenge yalitoka mapema. Nikasikiliza kama kuna mwenzangu anayetwanga. Hakuna. Zamani saa hizo kijiji kizima kilidunda. Huyu akichoka, yule anapokea, na watoto wa nyumba zote wamelala. Siku hizi kuna mashine kule barabarani, dakika tano kila kitu kimesagwa. Siwalaumu, nimeviona viganja vyangu. Ila bibi nilimkumbuka.

Nusu saa ilipofika mwanangu akajinyonganyonga. Nikajizuia. Akashusha pumzi.

Ndipo mdogo wangu akaja kumsalimia mama. Ni mwanamume wa ndevu sasa, dereva wa bodaboda, na kila tukionana analalamika kwamba usingizi umemkimbia, hata siku ya kupumzika anajigeuza tu kitandani. Alinipa shikamoo dada, akavua kofia yake ngumu, akajinyoosha kwenye mkeka kando ya mpwa wake ili anisimulie habari za barabarani. Sentensi ya pili hakuimaliza.

Mama alitokeza, akawaona wawili hao midomo wazi, akarudi ndani kwa vidole vya miguu. Nikamwambia atembee tu kawaida. Karanga zilikuwa zimeshakuwa uji kinuni, lakini sikuthubutu kuweka mchi chini.