Siku Nilifunga Moteri Kama Bomba ya Maji

Mucheke tu, sitawakataza, maana mimi mwenyewe nikikumbuka ile siku nafunika uso na mikono hata kama niko peke yangu mu chumba. Watu wa umri wangu kule Kadutu, mutaa wetu wa Bukavu, wako na jina lenye wananiitaka mpaka leo, sitalisema hapa (mukilitaka, muulize bibi yangu, ni kusema muke wangu, yeye analisema na furaha sana), na hiyo haya yote ilitoka ku tundu moja ya moteri ya gari, tundu ndogo yenye hata kidole cha mwisho hakiingie vizuri.

Ilikuwa ile miaka ya Zaïre, wakati kila posho asubuhi, ni kusema samedi, jumamosi, watu wote wanatoka na fagio na jembe kufanya salongo, kusafisha barabara na mifereji, utake usitake. Mimi nilikuwa plombier, fundi wa mabomba ya maji, na sijisifu (najisifu kidogo), mu Bukavu yote bomba yenye nilifunga mimi haikuwa inavuja. Nilikuwa na kamioneti moja ya zamani ya kubebea mabomba, na nilikuwa na muchumba, Nabintu, mushonaji wa nguo pale Nyawera. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: baba yake. Muzee Mugaruka alikuwa mulimaji wa muchele kule Kamanyola, na kila mara nilimutumia mujumbe kuomba binti, alijibu kwamba watu wa mujini wako na kinywa kubwa kuliko mikono, mujumbe arudi kwanza, yeye atafikiri. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nabintu alikuwa anachoka na mimi nilikuwa nakonda.

Sasa Mungu akanipa nafasi. Muzee alipanda Bukavu kung'olewa jino, akang'olewa vendredi, siku ya mbele ya posho, daktari akamujaza pamba mu kinywa na akamukataza kusema mpaka kesho yake jioni. Ile magaribi Nabintu akaniita pembeni.

“Kesho utamurudisha baba Kamanyola na gari yako,” akaniambia. “Umufikishe tu. Usijionyeshe, usiseme mingi. Akifika muzima na nguo safi atakubali, mimi namujua.”

Nikamujibu hakuna shida, hiyo ni kitu kidogo.

Shida ilikuwa. Mu gari kuna taa nyekundu yenye inawaka kama mafuta ya moteri haina nguvu, na mwenye kuiwasha ni kitu wanaita sonde, chuma kidogo chenye kufungwa kwa kuzungusha, kama visi, mu tundu, ubavuni mwa moteri, na waya moja ku kichwa. Ile tundu yangu ilikuwa imechoka, meno ya ndani yenye kushika visi yalikuwa yameliwa, sonde ikawa inachezacheza, inatoa tone moja, matone mawili, na taa inawaka na kuzima vile inataka. Papa Kahasha, fundi wa magari, jirani yangu, alikuwa ameiona ile wiki. Alisema nimuletee mardi, ni kusema jumanne, atakata meno mapya, na mbele ya mardi nisitembee mbali na nisiiguse.

Nisiiguse. Unamuambia plombier kwamba kuna mahali panavuja, halafu unamuambia asipaguse.

Donc, basi, ile posho asubuhi na mapema, watu wakiwa wanatoka na fagio zao, mimi nikafungua kapo ya gari, kile kifuniko cha moteri, kwani nilijiambia muzee atakaa mbele, ataona taa nyekundu inawaka, ataniangalia, na mimi nitamujibu nini, kwamba natembeza baba ya watu mu gari mugonjwa? Nikatoa filasi yangu, zile nyuzi zenye sisi tunazungushaka ku bomba ili maji isipite, nikaizungusha ku sonde mpaka ikanenepa, nikapaka rangi juu vile tunafanyaka ku kazi, nikairudisha mu tundu na kuikaza na kle yangu kubwa ya mabomba (chuma ya kukazia yenye urefu wa mukono, kwa kitu chenye hakishinde kizibo cha chupa). Ikakaza vizuri. Hapo mutu wa akili angerudisha kle mu sanduku, lakini mimi nikasema tuongeze kidogo kwa usalama, nikavuta, na nikasikia “ke”, sauti ndogo kama ya mufupa wa kuku. Nikajiambia ni rangi inakauka.

Nikawasha moteri. Taa nyekundu haikuwaka. Haikuwaka hata ile dakika ya kuwasha yenye inapashwa kuwaka, na mimi, badala ya kujiuliza, nikapiga mikono. (Nyuma ya ile siku Papa Kahasha alinielezea: ile sonde inapashwa kugusa chuma ya moteri ili umeme upate njia, na mimi na filasi yangu na rangi yangu nilifunga njia. Sikuponyesha gari, niliifunga macho.)

Nabintu akamuleta baba yake, shavu moja imevimba, koti ya kijivu imepigwa pasi, viatu vinang'aa, fimbo mu mukono. Muzee akaingia mbele. Nabintu akaniangalia sana, akachukua fagio yake na kuenda kujiunga na wamama ku barabara.

Wakati wa salongo gari hazipite, ila yenye kubeba mugonjwa. Chef wa localité, mukubwa wa mutaa, mutu wa tumbo kubwa, ile siku alivaa abakosti nyeupe, ile suti ya wakubwa ya wakati ule, kwa sababu wakubwa walipashwa kupita kuangalia usafi. Akainama ku dirisha, akaona shavu ya muzee.

“Pita, citoyen,” akasema, maana ile miaka wote tuliitana “citoyen”. “Lakini polepole. Batu bamefagia.”

Na mimi polepole ndiyo nilikuwa nataka. Barabara ilikuwa safi, watu mulongo huku na huku, na mimi katikati na mukwe wangu mbele, nasalimia hawa, napigia wale honi, na naongea, mimi mwenye nilikatazwa kuongea. Nikamuelezea muzee vile nilijitengenezea moteri mwenyewe. “Mmh,” akasema. Nikamuelezea filasi. “Mmh, mmh,” akasema na nguvu, na akanyoosha fimbo nyuma. Nikafikiri anasifu watu vile wanafagia, nikamujibu: “Ndiyo papa, sisi huku tunapenda usafi.” Akanigonga begani na ile fimbo. Nikafikiri ni upendo (nawaambia ukweli, nilifikiri ni upendo), nikaongeza mwendo kidogo ili asikie nguvu ya moteri.

Nyuma yetu firimbi ikalia, halafu kelele za watu. Nikaangalia mu kioo. Chef wa localité alikuwa ameketi chini katikati ya barabara, abakosti nyeupe imekuwa nyeusi tangu mugongo mpaka chini, na vijana wawili wenye walikimbia kumusimamisha nao wakateleza, wakaketi karibu naye. Na tangu kule tulitoka mpaka ku gari yangu kulikuwa musitari mumoja mweusi, mupana, umenyooka vizuri, hata mwenye macho mabaya angejua unatoka wapi na unaenda kwa nani.

Muzee akaingiza vidole viwili mu kinywa, akatoa pamba, akaikunja mu leso bila haraka, akaweka leso mu mufuko.

“Kijana,” akaniambia, “gari yako inakojoa tangu kwa mulango yako.”

Nikazima moteri pale pale, na hiyo peke ndiyo iliiokoa. Nikashuka, nikafungua kapo. Ukingo wa tundu ulikuwa umepasuka, na mafuta ilikuwa imepita pale kila mara moteri ilisukuma. Muzee naye akashuka, akaja kuangalia karibu yangu. Sasa mimi, na ile haya, nikataka kuonyesha kwamba najua kazi, nikashika sonde na leso ili niikaze, na yenyewe ikanifuata mu mukono, na filasi inaning'inia nyuma kama mukia wa panya, na mafuta yenye ilibaki ikamwangika ku viatu vya muzee na ku upindo wa suruali yake.

Watu walikuwa wamefika. Mumoja akaita, “Plombier, funga robine, inavuja!” na barabara yote ikacheka. Chef akafika anatembea miguu mbalimbali, akaniambia kwamba ile barabara nitaisafisha yote, mimi mwenyewe, na wakubwa wa zone wakifika wakute hata alama haiko, ama nitaelezea mbele yao nani alimwaga. Wamama wakaleta majivu na muchanga. Nabintu akatoka mu mulongo wao, akaniletea fagio yake, akaniwekea mu mukono bila kuniangalia, na nawaambia, watu mia walikuwa wanacheka na haikuniuma sawa vile iliniuma yeye kutocheka. Nilikuwa karibu kulia.

Nikaanza kumwaga majivu na kusugua. Sijafika mbali, nikasikia muzee nyuma yangu: “Muniletee jembe.”

Nikapiga magoti mu mafuta. Kwetu baba ya bibi yako hata maji haukupashwa kumuacha ajichotee mbele yako, sasa akufanyie salongo, na mutaa wote unaangalia.

“Papa mukwe, hapana, nakuomba. Usinipake haya hiyo.”

“Nani mukwe wako?” akasema, na damu kidogo bado ku mudomo. “Ngombe yako ya mahari niliiona wapi? Mimi niko mutu wa salongo tu.”

Akavua koti, akampa Nabintu, akaanza kuvuta muchanga na jembe, na alikuwa anajua kazi kuliko mimi. Watu wakacheka mpaka wakaegemea fagio. Mimi nilisikia maneno moja tu, “nani mukwe wako”, na nikasugua ile barabara nikijua kwamba nasugua ndoa yangu pia, inaisha. Wakubwa walipopita, barabara ilikuwa ya kijivu lakini kavu, na muzee alipanda lori moja yenye kupita Kamanyola kuenda Uvira, akaketi juu ya mifuko, viatu vyake vyeusi vya mafuta vinaning'inia.

Mardi tukasukuma gari mpaka kwa Papa Kahasha. Hakunigombeza, alicheka tu mpaka akaketi. Alikata pale palipasuka, akapanua tundu, akapaka grisi mingi ku chuma ya kukatia meno ili vumbi ya chuma ishike pale na isianguke ndani ya moteri, akakata meno mapya, akafunga pete ya shaba ndani, na sonde ndani ya pete. Halafu akaikaza na kle fupi, na vidole viwili. Nikamuuliza, ni hiyo tu? Akasema ni hiyo tu.

Wiki mingi Nabintu akiniona alipita ngambo ingine ya barabara. Halafu siku moja akaja pale nilikuwa nafunga bomba, akasimama mulangoni.

“Baba ametuma habari. Anasema amekubali.”

Nikaangusha kle. Nikamuuliza, amekubali nini, kwa nini, na vile aliniona ile siku.

“Anasema mutu wa kinywa kubwa angekimbia, wewe ulisugua mpaka mwisho. Lakini ameweka sharti. Ngombe itatembea na miguu, na ni wewe utaileta. Hataki uipakie mu gari yako.”

Nikaitembeza, basi ningefanya nini? Mushenga, ule mujumbe wangu, na wajomba walipanda gari, mimi nikafuata na ngombe ku kamba, tukapita Panzi, tukapita Nyangezi, nikalala njiani, tukashuka mulima ya Ngomo na mavumbi, na kila shofere mwenye kunijua alipunguza mwendo ili aniulize gari iko wapi. Nilipofika Kamanyola miguu imevimba kushinda ile shavu, nikakuta muzee amesimama mbele ya lupango ya nyumba yake, na watu wa bukwe, ndugu zake, wote nyuma yake, na Nabintu katikati yao. Muzee akazunguka ngombe mara moja. Halafu akashika magoti, akainama chini kabisa, akaangalia chini ya tumbo yake.

“Hii haivuje,” akasema, na akapokea kamba mu mukono yangu.

Nabintu ndiye alicheka wa kwanza. Tangu pale, wandugu, taa nyekundu ikiwaka mu gari mimi nasimama, nashuka, naita fundi wa magari, na yeye akifika ninaweka mikono yote mbili mu mufuko.