Mama Yake Babu Mzungu

Mama yangu alipokuja kukaa nasi hapa Temple Hills, alikuja na masanduku mawili. Moja lilijaa viungo, achari za embe na madera, utadhani Maryland nzima haina duka. La pili lilikuwa dogo, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, alikuwa ameihifadhi karatasi ya hitima, yenye majina ya marehemu wa ukoo wetu. Pale uwanja wa ndege mizigo ilipochelewa, hakuuliza habari za achari hata mara moja. Alikuwa akiulizia karatasi.

Kwetu Mombasa, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, watu huwarehemu wafu wao. Hukusanyika nyumbani, wakasoma, majina ya marehemu yakatajwa moja moja, kisha ikaletwa chai na mahamri. Kila nyumba ina mtindo wake wa kutaja. Mtindo wa nyumba yetu, tuliouachiwa na nyanya yangu, ni kumtaja kila marehemu kwa jina la mama yake, vile vile anavyoitwa kaburini siku ya kuzikwa: fulani, mwana wa fulani. Ambaye mama yake hajulikani huitwa mwana wa Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama wa watu wote na hapo hakuna wa kubisha. Katika karatasi yetu nzima, mwana wa Hawa alikuwa mmoja tu, naye ni Babu Mzungu.

Babu Mzungu alikuwa baba wa nyanya yangu, yaani babu yake mama. Alitoka Uingereza akiwa kijana, akaajiriwa kwenye karakana ya reli Mombasa, akasilimu, akaoa Mji wa Kale, na hakurudi kwao tena. Alifariki mama akiwa mdogo, lakini mama anakumbuka paja lake na harufu ya ngozi, maana jioni alikuwa akikaa barazani akishona mikanda na mikoba ya watu kwa msharasi wake. Msharasi huo, chuma chembamba cha kutobolea ngozi, mama anao hadi leo. Nyumbani ilisemwa kwamba jamaa zake waliposikia amebadili dini na kuoa mwanamke mweusi, hawakutaka kumjua tena. Nyanya alikuwa na neno moja tu juu yao, kwamba walimtoa katika hesabu. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza Babu jina la mama yake, naye hakulitaja.

Mama hilo lilimkera maisha yake yote. Alisema kila mwaka akisikia “mwana wa Hawa” anaona kama tulimwokota babu yake njiani. Mwaka huu hitima ingesomwa kwangu, naye alitaka Babu atajwe kwa mama yake mzazi, basi. Yeye mwenyewe umri umekwenda, akaniambia, na hataki kukutana na Babu huko mbele akamtazama kwa aibu. Nilimwambia mimi si polisi. Akaikunjua karatasi ya hitima mbele yangu, akaweka kidole juu ya jina la Hawa. Nikainuka nikatafute kadi yangu ya maktaba.

Maktaba yetu ina mama mmoja wa Kimarekani, mzee aliyestaafu, anayejitolea kuwasaidia watu kutafuta asili zao. Wa kwake alishawapata zamani katika kijiji fulani cha Uingereza, na kwa maelezo yake walikuwa watu wa nguruwe na madeni, lakini anawapenda kama wafalme. Ndiye aliyetufundisha. Sensa ya Uingereza, iliyofanywa kila baada ya miaka kumi, inaonyesha nani alilala nyumba gani na anafanya kazi gani. Vitabu vya kanisa vinaonyesha nani kabatizwa, nani kaoa, nani kazikwa. Yote yamepigwa picha na yanasomeka kwenye kompyuta.

Mimi si mtu wa subira. Kazi yangu ni kutoa watu damu maabara, na nimezoea kuupata mshipa kwa sindano ya kwanza. Yale maandishi ya makasisi, yaliyojikunjakunja kama nyuzi za sweta lililofumuka, yalinipandisha mori. Mama alikaa pembeni yangu na buibui lake, mkoba mapajani, akielewana na yule mama wa maktaba bila lugha yoyote. Walikuwa wakiguna kwa zamu.

Tulijua jina kamili la Babu la kabla ya kusilimu, majina mawili tu. Tulijua pia jimbo alikotoka, kwa sababu kila maembe yalipomkinai alianza kuyasifu matufaha ya kwao. Jina lake la pili lilikuwa mojawapo ya yale majina ya Kizungu ambayo mtu anaweza kupewa hata kama jina lake la kwanza. Na kwetu jina la pili ni la baba, halina mjadala. Mimi niliyejaza fomu za nchi hii miaka yote, nikiliandika jina la babu yangu mzaa baba mahali pa ukoo, sikushtuka hata kidogo. Tukatafuta mtoto mwenye jina la Babu, ambaye baba yake anaitwa hilo la pili, na tukampata. Baba mkulima, mama mtu yupo, jina lake tamu kabisa.

Mama alipiga kigelegele mle maktabani, ingawa alijiziba mdomo kwa buibui. Nikatuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Mama mdogo wangu kule Mombasa akajibu kwamba yeye siku zote moyo wake ulikuwa ukimwambia hivyo hivyo.

Siku ya pili yule mama wa maktaba akaitazama kazi yetu, akauliza kwa upole mkubwa mbona familia hii ina jina jingine la ukoo. Akatueleza kwamba kwa Waingereza jina la mwisho ni la ukoo, linatoka kwa baba kwenda kwa mwana na mjukuu bila kubadilika. Yule tuliyempata alikuwa babu wa watu wengine. Nikamtafsiria mama. Akashika kichwa, akasema tumemwibia mtu mama yake. Ikabidi niandike tena kwenye kundi kukanusha, na mama mdogo akajibu kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi.

Tukaanza upya kwa jina la ukoo, na nusu ya jimbo walikuwa wakiitwa hivyo hivyo. Majina yalikuja kurasa kwa kurasa. Mume wangu hakusaidia. Yeye ni Mtanzania wa Tanga na ni mlinzi kule Sterling, kwenye yale majengo makubwa yasiyo na madirisha yanayohifadhi kompyuta za dunia nzima. Kila asubuhi alimwamkia mama shikamoo, kisha akasema, “Mama, jana nimewalinda wakwe zangu Waingereza, wamelala salama, wanakusalimu.” Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiumwa macho.

Hitima ilipobaki siku chache, nilichoka. Nikamwambia mama, tukiwa kwenye gari, kwamba Hawa anatosha, Mungu anamjua mja wake. Hakukasirika. Aliangalia mbele, kwenye foleni ya magari.

“Wewe siku yako ikifika,” akasema, “utaitwa kwa jina langu. Nambia, ungependa wakuite kwa jina la mwanamke yeyote tu?”

 Niliipita kona ya kwetu, ikabidi nigeuze gari.

Jioni ile nilikuwa nikimenya viazi, naye mama yuko mezani anaushona mpini wa mkoba wake uliokatika. Alikuwa akitoboa ngozi kwa msharasi wa Babu, polepole, ulimi umechomoza kidogo pembeni ya mdomo. Nikamuuliza Babu kazi hiyo alijifunzia wapi. Kwa baba yake, akasema, kama ambaye anajibu swali la kijinga. Nikaweka kisu chini. Sensa inaandika kazi ya kila mtu, nasi tulikuwa tumeyatazama majina tu.

Kesho yake, nilipotoka kazini, tulikwenda moja kwa moja maktabani. Katika wote wale wenye jina la ukoo la Babu, fundi wa ngozi alikuwa mmoja peke yake, mtengeneza matandiko ya farasi. Alikuwa na mke, na mtoto wa kiume mwenye jina la Babu, na msichana mdogo wake. Nikalisoma jina la yule msichana kwa sauti. Mama akaniwekea mkono begani, mzito.

“Hilo ni jina la mama yangu,” akasema.

Nyanya yangu alikuwa na jina la Kiislamu ambalo mtaa mzima ulimjua kwalo. Lakini baba yake, akiwa ndani ya nyumba, alimwita jina jingine, la Kizungu, na hakuna aliyejua alilitoa wapi. Sasa tulijua. Alikuwa akimwita kwa jina la dada yake.

Kwenye kitabu cha ubatizo, jina la mke wa yule mtengeneza matandiko lilikuwa wazi, fupi, rahisi mdomoni. Mama akalitamka mara kadhaa, taratibu, kama anayeonja mchuzi. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Mama wa maktaba naye akalia, ingawa watu wake hawakuwamo.

Mimi nilikwisha kuchukua funguo za gari, lakini yule mama wa maktaba ni mtu wa kufukua mpaka mwisho. Akafungua sensa iliyofuata. Kwa jinsi tujuavyo nyumbani, wakati huo Babu alikuwa Mombasa, ameshasilimu na ameshaoa. Baba yake amekufa, mama yake anakaa na yule binti. Sensa hiyo watu waliijaza wenyewe kwa mkono wao, na palikuwa na swali la wanawake wenye waume: umezaa wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Wajane hawakuulizwa. Yeye alikuwa mjane, na alijibu hata hivyo. Karani wa sensa akapitisha mstari mwekundu juu ya jibu lake, kwa kuwa halikutakiwa.

Chini ya mstari bado palisomeka: wanne waliozaliwa, wawili wamekufa, wawili hai. Waliokufa tuliwaona kwenye kitabu cha maziko, wote wachanga. Mmoja wa walio hai alikuwa naye nyumbani. Nikahesabu tena, maana sijiamini. Aliyebaki ni Babu.

Nilimweleza mama kwa Kiswahili, neno kwa neno.  Aliomba tu ukurasa ule uchapishwe kwenye karatasi.

Siku ya hitima nyumba ilijaa. Watu wa Mombasa, wa Lamu, wa Tanga, na jirani yetu Mkongo ambaye ni Mkristo lakini hajawahi kukosa kaimati zangu. Mwalimu wetu wa dini, aliyetusomea, alikuwa ameulizwa mapema kama itafaa kumtaja mama ambaye si Mwislamu. Akasema anayeitwa ni mwana, na mama anatajwa ili ajulikane ni mwana wa nani. Alipofika kwa Babu Mzungu, akalisoma jina lake la Kiislamu, akatua kidogo, kisha akamsoma mwana wa nani. Alilitamka vizuri, kwa lafudhi ya Pwani. Nilimwona mama akifunga macho na uso wake ukilegea.

Chai ilipokwisha gawiwa, mama akautoa ukurasa wa sensa mkobani. Mume wangu akainama kuuangalia, akauliza huo mstari mwekundu ni wa nini.

“Karani kafuta,” mama akasema. “Mama mtu alikuwa amemhesabu.”

Akaniomba kalamu. Akauweka ukurasa juu ya goti, na juu ya ule mstari, kwa hati yake ya chuo cha Kurani iliyonyooka, akaandika upya: wawili hai. Kisha akaukunja pamoja na karatasi ya hitima, akavirudisha vyote viwili kwenye mfuko mmoja wa nailoni.