Mawazo Hakusikia Kaa la Moto

Harufu ya mpira unaoungua ndiyo iliyotuambia. Nilikuwa nimepita kwa Mawazo, kwenye kibanda chake karibu na lango la bandari, kuchukua sufuria yangu. Yeye hupikia wapakizi: bugali, maharage, ndagala, yaani dagaa wa ziwani, za kukaanga. Wanakula wamekaa juu ya magunia, na maneno yao yana pilipili.

«Mama Jordan, bugali yako leo ni ngumu sawa sementi,» mmoja akamwambia Mawazo.

«Kula, baba. Mugongo wako unabeba sementi kila siku, tumbo ndiyo itashindwa?»

Alikuwa anacheka, anakoroga kwa mikono miwili, na kaa la moto liko juu ya mguu wake. Lilikuwa limetoboa ndala, limefika kwenye kidole. Nilimvuta kwa nguvu mpaka mwiko ukaanguka. Kidole kilikuwa cheupe kama kitunguu kilichochemshwa.

«Sikusikia kitu,» akasema, akashangaa kuliko mimi.

«Mawazo, unakunywa dawa?»

Akaokota mwiko, akaupangusa, akarudi kwenye bugali. Hapo nikajua.

Mawazo alifika hapa Bujumbura kutoka Uvira na watoto wawili na godoro moja, na mlango wa kwanza aliopiga hodi mtaani Buyenzi ulikuwa wangu. Sasa ni miaka ishirini. Ugonjwa wa sukari ulimpata miaka minane iliyopita. Kila mwezi alikwenda kituo cha afya na karne yake, kile kidaftari cha mgonjwa, akapimwa damu, akapewa vidonge. Asubuhi kimoja, jioni kimoja, na mkate. Hakukosa hata mwaka ule wa mafuriko.

Kilichomkosesha ni ushuhuda. Nitaeleza, maana watu wa nje hawaelewi, na hasira yangu yote iko hapo.

Sisi wa chumba cha maombi tuna desturi yetu. Siku ya Alhamisi mtu akisimama kushuhudia, anaweza kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho bado hakijafika. Tunaita kupokea kwa imani. Mimi mwenyewe nilishukuru kwa ndoa ya binti yangu Sephora miaka mitatu kabla ya kumjua bwana harusi. Hakuna aliyeniuliza harusi ni tarehe ngapi. Waliitika Amina, na kila mmoja alijua: huyu mama anatafuta mkwe, tumsaidie kuomba.

Basi mwezi wa pili Mawazo akasimama, akasema, «Bwana asifiwe. Namushukuru Mungu, nimepona sukari.» Tukaitika. Jioni ile akanywa kidonge chake kama kawaida. Hakuna aliyedanganya mtu.

Lakini Jérémie alikuwa amesimamisha telefone kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Jérémie ni mpiga kinanda wetu, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, na pasta alimpa kazi ya ukurasa wa kanisa huko mtandaoni. Alikata maombi, akakata nyimbo, akaacha maneno ya Mawazo peke yake. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa: AMEPONA SUKARI BAADA YA MIAKA MINANE. Watu elfu ishirini wakatuma Amina. Wa Uvira, wa Bukavu, hata wa Kanada. Hao wote hawakuwahi kukaa kwenye benchi zetu siku ya Alhamisi. Watajuaje?

Mwezi uliofuata Mawazo alikwenda kituo cha afya. Mama mmoja kwenye benchi akamtazama, akatazama telefone yake, akamtazama tena.

«Samahani, mama. Si wewe yule ulipona? Sasa hapa unatafuta nini?»

Mawazo akajibu kwamba amesindikiza mtu. Akaondoka bila vidonge, na hakurudi tena. Haya yote nilikuja kuyajua siku ya kaa la moto, miezi minne baadaye, tena kwa kumkamua kama nguo yenye maji.

«Watu wakiniona pale na karne,» akaniambia jioni ile uani, «watasema Mungu wetu ni mwongo.»

«Mungu alikutuma umutunzie jina kwa kidole chako?»

«Mama Sephora, usiseme vile.»

«Nitasema. Mi nimechoka.»

Na kweli nilichoka. Nimeomba na huyu mwanamke miaka ishirini, sijawahi kutaka kumpiga isipokuwa siku ile.

Jirani yetu Khadidja, muuza vitenge, alikuwa anasikiliza kutoka upande wake wa ukuta. Akaingia bila kuitwa. «Leta karne, nitaenda mimi. Sisi Waislamu hakuna anayetuangalia kwenye ukurasa wenu. Tuna vita vyetu. Mwaka huu nyumba yangu moja ilikuwa na Idi mbili: kaka yangu Khaled aliona mwezi kwenye telefone yake, mume wangu hakuuona kwenye yake. Mimi nikapika pilau mara mbili.»

Mawazo akacheka, akampa karne. Khadidja akaenda, akarudi mikono mitupu.

«Wanataka damu,» akasema. «Na wanataka yako, apana yangu. Nimewaambia yangu ni nzuri zaidi, wamekataa.»

Jumapili nikamfuata Jérémie baada ya ibada. Alikuwa anakunja nyaya zake, hata hakuinua kichwa vizuri.

«Mwanangu, ondoa ile video ya Mawazo.»

«Juu ya nini, mama? Ndiyo inaongoza.»

«Hakupona. Alipokea kwa imani. We ulikuwepo, unajua.»

«Najua. Lakini mama, nikifuta, zile Amina zote zitaenda wapi?»

Mpaka leo nikiosha vyombo natafuta jibu la swali lile, na linanikera, maana nadhani hata yeye hakuwa anatania. Nikaenda kwa pasta. Pasta akasema tuombee jambo hilo.

Kidole kikageuka rangi. Mawazo alikifunga kitambaa, akavaa soksi kwenye joto hili la Bujumbura, akaendelea kukoroga bugali. Mimi nikawa napita kila mchana. Nilikuwa pale siku ile telefone yake ilipolia. Mikono yake ilikuwa na unga, akaniomba nimfungulie sauti.

«Ni mama wa ushuhuda?» Sauti ya mwanamke, ya heshima. «Mi naitwa Lisette, niko Rumonge. Jérémie wa ukurasa ndiye amenipa namba. Niko na sukari sawa wewe. Siku nilikuona, nilitupa dawa zangu ku choo. Sasa macho yanaona ukungu. Naomba uniambie, mama, we ulifunga siku ngapi?»

Mawazo alichukua maji ya kunawa, akayamwaga kwenye moto. Bugali haijaiva, wapakizi wamepanga mstari. Katika miaka yote sijamwona akifanya hivyo.

«Dada,» akasema, «mi sijapona. Nilishukuru mbele ya wakati. Kwetu tunafanya vile. Dawa nilikuwa nakunywa siku ile ile.»

«Lakini nilikusikia na masikio yangu.»

«Ulinisikia naomba. Uende hospitali leo.»

«Na wewe unaenda?» Lisette akauliza.

Mawazo akatazama soksi yake.

«Nakwenda sasa,» akajibu. «Mama Sephora ni shahidi.»

Wapakizi walinung'unika, mmoja akauliza kama Mungu ndiye atawapikia. Tuliwaacha na sufuria. Kituoni Mawazo alikaa benchi ya mbele, karne juu ya magoti, wazi. Haikuchukua dakika kumi, kijana mmoja akamgeukia. «Mama, si wewe…»

«Ni mimi. Nimekuja kuchukua dawa ya sukari. Na we ukitaka, andika hiyo.»

Hakuandika. Wakampima, daktari akaona mguu, akauliza tulikuwa wapi. Kesho yake walikata kidole kimoja. Wangekata zaidi, daktari alisema, kama tungengoja wiki nyingine.

Video iko palepale. Amina zimepita elfu ishirini na tatu. Wiki iliyopita Jérémie alikuja na miguu yake mitatu, akitaka ushuhuda wa kidole. Khadidja ndiye aliyemtoa uani, na maneno aliyotumia siwezi kuyaandika.

Kila saa moja ya asubuhi Mawazo anapiga telefone Rumonge. Ninasikia nikiwa nafagia.

«Umeweka kidonge mu kinywa?»

«Nimeweka.»

«Na mukate uko?»

«Mukate iko.»

«Basi tumeze.»

Wanameza. Halafu Lisette, kule, anasema Amina, na Mawazo anaitika na maji bado mdomoni.